Tulisema ni kichwa cha babu yake

Mutuku alizaliwa 2013 hapa Eastlands, Nairobi, hospitali ya karibu na nyumba, kilo tatu na nusu, akalia vizuri akanyonya vizuri, na sista aliyempima kichwa na tepu akasema huyu atakuwa profesa, sote tukacheka kwa raha. Susu wake, yaani nyanya yake, mama mkwe wangu, akaja kutoka Machakos akamshika, akamgeuza huku na huku, akasema hicho ni kichwa cha babu yake, na ni kweli mzee alikuwa na kichwa kikubwa mpaka kofia za dukani hazimtoshi. Basi ikaishia hapo. Kila mwezi kliniki walimweka kwa mizani wakaandika uzito kwa kijitabu, chanjo akapata zote, lakini kichwa hakuna mtu alirudi kukipima na mimi sikuuliza, ningeuliza nini na mtoto ananenepa, anacheka, miezi saba anakaa bila kuegemea mto, miezi minane ukimwimbia anapiga makofi. Hayo makofi muyakumbuke, nitayarudia.

Miezi tisa tukaenda chanjo ya surua siku ya Jumanne. Alikuwa na kamasi kidogo tu kama watoto wote wa ploti. Jumatano usiku akawa moto, Alhamisi akaanza kutapika, nikampa dawa ya homa, titi anakataa, uji anakataa, nikasema wacha alale ataamka sawa, na hapo ndipo moyo wangu hurudi kila siku, hiyo Alhamisi yote mtoto hajala kitu na mimi nashukuru ati amelala. Ijumaa alfajiri nikamwinua nikakuta amelegea kama leso iliyoloa, shingo haishiki, macho yameangalia juu, halafu mikono ikaanza kujipinda yenyewe.

Hospitali tulikoenda wakasema malaria ya ubongo, damu ikapimwa haina malaria, wakasema basi ni homa ya uti wa mgongo, wakamtoa maji ya mgongo, maji yakarudi safi. Wakamtibu nayo hivyo hivyo siku kumi. Akapigwa skani ya kichwa, tukaambiwa ubongo umenyauka kidogo pande za mbele. Tukatoka na karatasi imeandikwa CP, yaani cerebral palsy, mtindio wa ubongo. Mtoto aliyekuwa anapiga makofi sasa hawezi kushika shingo, hawezi kumeza vizuri, ukimgusa mwili unakaza na kujikunja.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Wa kwetu walisema ni ile sindano ya mgongo imemharibu. Wa kwa mume walisema ni chanjo. Kuna aliyesema ni macho ya watu. Mama mkwe hakusema kitu mbele yangu lakini nilisikia ameambia watu ukoo wao haujawahi kuwa na mtoto kama huyu, na nilielewa maana yake, kwamba kitu kimetoka kwangu. Niseme mapema kabla mtu asome nusu aache: haikuwa chanjo na haikuwa sindano ya mgongo. Mtoto wangu wa pili, msichana, amechanjwa zote na nitawaeleza vile tulifanya.

Miaka mitano ikaenda hivyo. Fizio, yale mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki, nimembeba mgongoni na leso mpaka akawa mzito, makanga wengine wananilipisha viti viwili. Kwa ile benchi ya fizio nilijuana na kina mama wengi wa watoto wa CP na hadithi zetu hazikuwa sawa. Kuna aliyekaa leba siku mbili mtoto akakosa hewa, kuna wa manjano iliyopanda sana, na kulikuwa na wachache kama mimi ambao mtoto alizaliwa mzima kabisa halafu homa moja ikaja ikamchukua. Sisi wachache tulikuwa tunaambiwa neno lilelile, CP, na hakuna aliyeuliza mbona.

Aliyeuliza ni daktari mmoja wa watoto, kijana, Machi 2019, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nimeenda tu kuandikiwa dawa ya kulegeza misuli. Akatoa tepu mfukoni akapima kichwa cha Mutuku, akaangalia ile filamu ya skani ya zamani akiiinua kwa dirisha, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mama Mutuku, kabla ya hiyo homa alikuwa anafanya nini?" Nikamwambia alikuwa anakaa, anapiga makofi. "Una uhakika?" Nikamwonyesha video kwa simu, nilikuwa bado nayo. Aliitazama mara tatu. Akaniambia malaria haikuwepo, maji ya mgongo yalikuwa safi, kichwa kilikuwa kikubwa tangu azaliwe, na mtoto alikuwa anaendelea vizuri mpaka siku ya homa, hizo nne ukiziweka pamoja kuna ugonjwa mmoja lazima tuutafute, na tuutafute kabla hujajifungua.

Kipimo chenyewe kilikuwa mkojo na damu. Mkojo ulitakiwa ugandishwe na usafiri ukiwa baridi mpaka Afrika Kusini, lakini damu ilikuwa matone tu kwa karatasi nene nyeupe iliyochorwa miduara, ikikauka unaiweka kwa bahasha imemaliza. Gharama ilizidi kodi yetu ya miezi mitatu, chama changu ndicho kilinitoa. Tukangoja wiki saba. Sasa hivi najua kuna mahali Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2022 walitangaza kwamba wamesoma jenomu nzima ya mgonjwa, yaani jeni zake zote, kwa saa 5 na dakika 2, na mimi wiki saba nilikuwa nahesabu mateke ya mtoto tumboni usiku nikijiuliza huyu naye itakuwaje.

Majibu yalikuja na jina refu, glutariki asiduria aina ya kwanza. Daktari alitueleza mimi na Baba Mutuku akichora nyuma ya fomu. Chakula chenye protini, alisema, mwili unakivunja vipande vipande, na kipande kimoja kinaitwa laisini. Laisini nayo inashughulikiwa na mafundi waliopanga mstari, kila mmoja anafanya yake anapitisha kwa mwenzake, hao mafundi ndio enzaimu. Kwa Mutuku fundi mmoja hayupo. Kazi inakwama pale, taka inajaa, asidi ya glutariki na mwenzake, na kuna sehemu ndani ya ubongo inayoongoza miondoko ya mwili ambayo hiyo taka inaichoma. Siku za kawaida mtoto anavumilia. Lakini akiwa na homa na hajala, mwili unakosa nguvu unaanza kujila wenyewe, unavunja misuli yake, na misuli imejaa protini, kwa hivyo laisini inamwagika kutoka ndani hata kama hujamlisha kijiko. Ile Alhamisi. Alivyosema hivyo nilishika meza.

Akaniambia usijilaumu, hukujua na waliokutibu hawakujua, na pengine hata mlipofika Ijumaa ilikuwa imeshatendeka. Ugonjwa huu ulielezwa na madaktari mara ya kwanza mwaka 1975, kwa hivyo si wa jana, ila ni nadra na hapa kwetu watoto hawapimwi wakizaliwa, sasa nani atauona.

Halafu akaeleza vile unarithiwa, na hapa nilifurahi nilikuwa nimemwambia mama mkwe aje. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama moja ya baba. Mimi nina nakala moja mbovu na moja nzima, kwa hivyo siumwi chochote. Baba Mutuku vivyo hivyo. Mtoto akipata mbovu zote mbili ndio anaumwa, na kila mimba nafasi ni 1 kati ya 4, mimba ya pili haikumbuki ya kwanza ilikuwaje. Susu akauliza, "Kwa hivyo imetoka pande zote mbili?" Daktari akasema pande zote mbili, sawa kwa sawa. Hakuomba msamaha kwa mdomo lakini hiyo jioni aliosha vyombo vyangu vyote na hakuniruhusu kuinuka kitini. Daktari alitaja pia utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2010, walipima Waafrika weusi wakakuta kama mtu 1 kati ya 36 ana hiyo nakala mbovu bila kujua, na wakakadiria mtoto 1 kati ya kama 5,000 angezaliwa nao huko. Huo si ugonjwa wa wazungu, nawaambia wale wanaoniambiaga hivyo.

Nikirudi kwa ile mimba. Daktari alinipa karatasi ya damu mapema, nikaiweka kwa begi la hospitali na nguo za mtoto, ndani ya plastiki. Mwende alizaliwa Julai 2019. Kulikuwa na ubishi kidogo wa mtoto adungwe lini, tulikubaliana baada ya saa 48 akishanyonya vizuri, kwa sababu ukipima mapema sana hajala cha kutosha baadhi ya magonjwa hayaonekani. Nikamtolea sista ile karatasi nikiwa tayari kueleza mpaka nichoke, akaiangalia akaniambia, "Hizi si ni zile zetu za wiki sita?"

Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho hakijanitoka. Watoto ambao mama zao wana virusi vya ukimwi wanadungwa kisigino wakifika wiki sita, damu inawekwa kwa karatasi ya aina hiyohiyo, inakaushwa, inatiwa kwa bahasha na vile vifuko vya kunyonya unyevu, inaenda maabara kama za KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, majibu yanarudi. Vituo vidogo kabisa huko mashambani wanajua hiyo kazi, wameifanya miaka mingi. Sista yule alifanya bila kuuliza mtu. Alipasha kisigino na kitambaa cha maji ya vuguvugu, akadunga pembeni ya kisigino si katikati, tone la kwanza akapangusa, la pili akaliacha likue likawa kubwa ndio akaligusisha karatasi, duara likajaa mara moja mpaka nyuma, hakuongeza juu ya lingine, hakugusa duara na kidole. Akalaza karatasi mahali pakavu pasipo na jua masaa manne. Mwende alilia kidogo akarudi kwa titi. Nikamwambia yule sista, hivi mnajua kazi hii yote na kwa hizo karatasi mngeweza kugundua mengine mangapi. Akasema, "Mama, sisi tunapima kile tumeletewa fomu yake."

Majibu siku ya kumi na mbili. Anao.

Nililia, siwezi kudanganya, lakini ilikuwa kilio kingine. Mutuku alikuwa amelala kando yangu miaka sita mwili umejikunja, na huyu mdogo mwenye ugonjwa uleule, jeni zilezile, alikuwa amenishika kidole kwa nguvu. Daktari alikuwa amenieleza wasipotibiwa 8 au 9 kati ya 10 ubongo unaumia, wengi kabla ya kufika miaka mitatu, na wakijulikana wakiwa wachanga na kutunzwa ipasavyo wengi wao wanakua sawa. Kwa hivyo sikuwa na muda wa kulia sana.

Usiku wa kunyonyesha nilikuwa nasoma kwa simu. Nilisoma juu ya mama mmoja wa Norway, Borgny Egeland, alikuwa na watoto wawili wasioendelea vizuri na mkojo wao ulikuwa na harufu ya ajabu, akazunguka kwa madaktari miaka akiuliza hiyo harufu ni ya nini mpaka mwaka 1934 Asbjørn Følling akakubali kuupima, akatia kemikali ukageuka kijani, na hivyo ndivyo ukajulikana PKU, ugonjwa mwingine ambao kipande kimoja cha protini hakivunjwi kinajaa mwilini. Watoto wake walikuwa wameshaumia. Nilimsoma huyo mama saa nane usiku nikahisi kama ni mtu wa benchi yetu ya fizio. Halafu Robert Guthrie huko Marekani, yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili na mpwa wake alikuwa na PKU, ndiye alileta wazo la tone la damu kwa karatasi, alilichapisha 1963, alitumia bakteria zinazokua kama damu ina kile kipande kwa wingi. Wakati huo kila ugonjwa ulihitaji kipimo chake. Ilipofika miaka ya 1990 ikaja mashine ya tandem mas spektrometa, inapima uzito wa molekuli zilizo kwa lile tone, na kwa dakika chache inaangalia magonjwa makumi kwa mpigo, huu wetu ukiwa mmojawapo, unaonekana kwa kitu kinaitwa glutarilkanitini kikipanda. Uingereza waliuongeza kwa vipimo vya watoto wote mwaka 2015.

Na kuna daktari Holmes Morton. Huyu nikimtaja kwa kina mama wenzangu wananyamaza. Aliingia kwa jamii ya Waamishi huko Pennsylvania, watu wanaoishi bila stima wakilima na farasi, akakuta familia nyingi zina watoto walioitwa CP, akawapima mkojo kumbe wengi wana ugonjwa huu huu wa Mutuku. Mwaka 1989 akafungua kliniki kwa hao watoto palepale mashambani, akaanza kupima wachanga na kuwatibu mapema kila wakipata homa. Walikuwa wanaitwa CP, kama sisi.

Sasa kulisha. Daktari na mtu wa lishe walinikataza kitu kimoja kwanza, kuachisha titi kwa hofu. Maziwa ya mama yana protini kidogo, kama theluthi ya ile ya maziwa ya ng'ombe, kwa hivyo Mwende alikuwa anapewa kwanza kiasi cha maziwa maalum ya unga yasiyo na laisini halafu ananyonya juu yake. Hayo maziwa hayapatikani dukani, yanaagizwa kutoka nje, na kuna miezi yalichelewa tukahesabu kila gramu. Laisini yenyewe huwezi kumnyima kabisa, bila hiyo hakui, inatakiwa kiasi chake tu, ndio maana msijaribu haya mambo nyumbani bila mtu wa lishe kukupigia hesabu.

Alipoanza kula, susu ndiye alinishangaza. Sisi ni watu wa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na muthokoi bila maharagwe kwake ilikuwa matusi. Mtu wa lishe akatueleza kwamba mahindi yana laisini kidogo sana, ndio sababu wanasema mtoto wa kawaida hafai kulishwa ugali mtupu, na maharagwe yana laisini nyingi, ndio sababu vikikutana vinasaidiana. Yaani kile ambacho ni kasoro ya mahindi kwa watoto wengine, kwa Mwende ni nafuu. Susu alifikiria hilo kama dakika tano nzima. Toka siku hiyo anapika sufuria mbili, moja ya watu wote na moja ya mahindi matupu yaliyokobolewa na viazi na karoti, na alinunua mizani ndogo ya jikoni yeye mwenyewe sokoni Machakos akajifunza kusoma gramu akiwa na miaka 68. Mayai, nyama, maziwa ya ng'ombe, hivyo hapimi hata kidogo, anaviweka mbali.

Dawa yake ni ya maji inaitwa kanitini, inasaidia kutoa ile taka. Inafanya mwili unuke samaki kidogo. Watoto wa shule walisema, mwalimu akawaeleza, ikaisha.

Lakini kitu kikubwa kuliko chakula na dawa ni barua ya daktari. Ukurasa mmoja, nimeiweka plastiki, nakala iko kwa begi la shule, kwa mkoba wangu, kwa susu, kwa mfuko wa Baba Mutuku. Imeandikwa jina la ugonjwa, namba ya simu ya daktari wetu, na kwamba homa ikifika 38.5, au akitapika, au akikataa kula, vyakula vya protini visimamishwe kwa siku moja, apewe maji ya glukosi kwa kipimo alichoandika daktari kila baada ya masaa mawili usiku na mchana pamoja na kanitini, na asipoweza kuyashika tumboni awekewe dripu ya glukosi mara moja, bila kungoja majibu ya kipimo chochote.

Aprili 2020, Mwende ana miezi tisa. Umri uleule. Tulikuwa tumempeleka chanjo ya surua vile inatakiwa, daktari alisema akikosa surua akaja kuipata hiyo ndiyo itammaliza, ila tumwangalie siku zinazofuata na tuwe na glukosi tayari. Siku ya sita akawa moto, kama saa mbili usiku, na hiyo ilikuwa wakati wa kafyu, kuanzia saa moja jioni hakuna mtu barabarani Nairobi. Nikampa glukosi akatapika. Nikampa tena polepole na sindano isiyo na ncha, akatapika. Baba Mutuku akagonga kwa jirani mwenye gari. Pale Jogoo Road tukapata kizuizi cha polisi, tukasimamishwa, mimi sikusema neno nikatoa tu ile barua kwa dirisha, yule askari akaisoma yote na tochi, akasoma tena, akatuuliza mnaenda hospitali gani akapiga simu kwa kizuizi cha mbele watuachie.

Kule emajensi klinisho mmoja kijana, afisa wa tiba, akasema tungoje kipimo cha malaria kwanza. Nilisikia miguu inaisha nguvu, ni kama niko 2014 tena. Nikamwambia, daktari naomba, soma mstari wa tatu. Akasoma. Akapiga ile namba. Sijui waliongea nini lakini dripu ya glukosi iliingia kabla ya saa nne usiku. Usiku wote nilikaa nikimwangalia mikono, nikiona kidole kimecheza nashtuka. Asubuhi akaamka akataka titi. Siku ya tatu nyumbani nikamkalisha kwa mkeka nikamwachilia, akakaa, nikaanza kuimba wimbo uleule wa kina Mutuku na sauti ikanikatika katikati, akapiga makofi.

Nimeongea na watu wengi toka hapo. Wengine wanauliza kwa nini serikali isipime watoto wote na mimi nakubali ipime, barabara ya hizo karatasi ipo tayari, kutoka kisigino mpaka maabara, kilichobaki ni mashine, fomu na uamuzi. Lakini naongeza kitu ambacho nimeona kwa macho, majibu bila maziwa maalum, bila kanitini, bila daktari wa kushika simu saa tatu usiku, yatamwacha mama na jina refu tu la kubeba. Viende pamoja. Na kipimo chenyewe si cha kuabudu, kuna watoto wenye ugonjwa huu ambao taka yao haipandi sana na kipimo kinawapita, na kuna wanaoitwa mara ya pili kumbe hawana kitu, kwa hivyo majibu ya kwanza ni ya kukuita urudi, ya kuthibitisha ni mkojo na jeni.

Kina mama wawili wa ile benchi walienda kwa yule daktari baada yangu, wa homa moja kama sisi. Mmoja wa kwake ikaonekana ni kitu kingine. Mwingine ndio huohuo, na alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tano nyumbani.

Julai 2025 Mwende alifikisha miaka sita, daktari akatuambia ile miaka ya hatari kubwa kwa ubongo imepita, kanitini inaendelea, barua inabaki kwa begi. Susu alisafiri kuja na sufuria yake. Mutuku ana miaka kumi na miwili sasa, haongei lakini anaelewa kila kitu, anajua mlio wa matatu ya baba yake kabla ifike kona, na kila akiona dadake anakimbia ndani ya nyumba anacheka mpaka mwili wote unatetemeka. Sijawahi kumaliza kufikiria juu ya hilo na sitajifanya nimemaliza.

Wiki mbili baadaye nikaamshwa usiku, Mwende amesimama kando ya kitanda ananigusa bega. "Mama, nimeanza kuwa moto. Nimetoa kikombe tayari." Nikapima, 38.7. Tukaenda jikoni, akanishikia pakiti ya glukosi nikapima vijiko, na tulipoanza kukoroga tukasikia Mutuku anacheka kule chumbani gizani, anaujua mlio wa kile kijiko.